UKURASA WA BWANA SHAMBA: Gari Linalovuta Hewa Pasipotakiwa



Mwezi huu nitazungumza nanyi juu ya gari. Msishangae. Pamba haitoki shambani kwa miguu yake. Katika vijiji vingi pikapu moja ya zamani ndiyo inayobeba mazao, mbolea, na mara nyingine mama mjamzito usiku wa manane. Pikapu hiyo ikilala, shughuli nyingi hulala pia.

Nitaeleza kazi moja tu: kubadilisha gasketi ya manifoldi ya kuingiza hewa. Mtu mwenye spana na uvumilivu anaweza kuifanya nyumbani. Nazungumzia magari ya zamani ya petroli yenye kabureta. Magari mapya ambayo petroli yake husukumwa kwa nguvu na kupulizwa ndani ya injini, mpelekee fundi.

MANIFOLDI NI NINI?

Manifoldi ni bomba lenye matawi, kama kiganja na vidole vyake. Kabureta huchanganya petroli na hewa. Manifoldi hupeleka mchanganyiko huo kwenye kila silinda. Kilo 1 ya petroli huhitaji hewa kilo 15 hivi ili iungue vizuri.

Kati ya manifoldi na injini pana gasketi. Gasketi ni kipande chembamba kinachoziba nafasi ili hewa isipite. Ikichakaa au kupasuka, injini huvuta hewa pembeni. Ukinywa togwa kwa mrija uliotoboka, unavuta hewa zaidi na togwa kidogo. Injini nayo hupatwa na jambo hilo hilo.

DALILI ZAKE

1. Injini inatetemeka au kuzima gari likiwa limesimama.
2. Inamisi, yaani silinda moja haifanyi kazi sawasawa.
3. Kuna sauti ya kufyonza karibu na manifoldi.
4. Injini inapiga chafya kwenye kabureta.
5. Gari limepungua nguvu mlimani.

Usidharau dalili hizi. Silinda inayopata hewa nyingi na petroli kidogo hupata joto kali. Mwishowe valvu huweza kuungua. Gasketi ni kitu cha bei ndogo. Kutengeneza valvu ni gharama kubwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

MSIMLAUMU DEREVA UPESI

Kijiji kimoja kiligombana kwa sababu ya gasketi. Pikapu ilikuwa ya kikundi cha wakulima. Safari iliyokuwa ikitumia lita 10 ikaanza kutumia lita 13. Kamati ikasema dereva anauza petroli njiani. Kijana huyo alikuwa karibu kufukuzwa.

Mzee mmoja akamwuliza, "Mwanangu, mbona siku hizi unaendesha huku umevuta choki?"

Dereva akajibu, "Mzee, nikiirudisha, injini inazima."

Hapo jambo likaanza kueleweka. Choki hupunguza hewa na kuongeza petroli. Dereva alikuwa akiivuta ili kufidia hewa iliyokuwa ikiingia pembeni. Petroli haikuibwa. Iliungua njiani. Gasketi ilipobadilishwa, matumizi yakarudi kama zamani, na kamati ikamwomba kijana radhi. Basi, kabla ya kumwita mtu mwizi, pimeni kwanza injini.

KUPIMA KWA MAJI YA SABUNI

Washa injini ikiwa baridi. Iache ingurume polepole. Kwa chupa ya kunyunyizia, nyunyiza maji kidogo ya sabuni pale manifoldi inapokutana na injini. Nyunyiza sehemu moja, kisha nyingine. Mngurumo ukibadilika, au maji yakifyonzwa, hewa inapita hapo. Kaza kwanza nati kwa kadiri na upime tena. Kama bado inavuta, gasketi ibadilishwe.

Usipime kwa petroli wala mafuta ya taa. Watu huungua kwa njia hiyo. Usitumie bomba la dawa ya mimea, maana lina sumu. Usilowanishe nyaya za plagi. Funga vizuri khanga, mikono ya shati na kamba yoyote inayoning'inia, visije vikanaswa na feni.

KABLA YA KUANZA

Fanya kazi mchana, mahali pa wazi. Injini iwe imepoa kabisa. Weka karibu ndoo ya mchanga mkavu. Asiwepo mtu anayevuta sigara, wala jiko, wala koroboi. Watoto wakae mbali.

Nunua gasketi mpya ya aina ya injini yako. Usikate gasketi kwa karatasi ya boksi. Boksi hulowa petroli, huharibiwa na joto, na haitadumu.

HATUA ZA KAZI

1. Ondoa waya hasi wa betri.

2. Tazama kama kuna mpira wa maji ulioingia kwenye manifoldi. Kama upo, toa maji ya rejeta kwenye chombo safi, kisha uufungue. Mfunike ng'ombe na kuku wasiyanywe, kwa maana maji ya rejeta yenye dawa ni sumu: chombo kiwe na kifuniko.

3. Ondoa chujio la hewa. Fungua mpira wa petroli na uuzibe. Petroli iliyomwagika ipanguse, na tambara hilo liweke mbali.

4. Fungua waya wa pedali ya mafuta, waya wa choki na mipira midogo. Kila kimoja kifunge uzi wa rangi yake, na mahali kilipotoka funga uzi wa rangi hiyo hiyo. Hivyo hutasahau.

5. Nati zenye kutu zitie mafuta ya kulegeza kutu, kisha subiri. Fungua kidogo kidogo, ukianzia pembeni kwenda katikati. Kwenye injini nyingine manifoldi ya kuingiza hewa na ile ya moshi zimeshikana na hutumia gasketi moja. Hapo fungua pia bomba la moshi, na uwe na mwenzako wa kusaidia kubeba.

6. Vuta manifoldi taratibu. Usiingize tindo. Ikigoma, tafuta nati uliyoisahau.

7. Mara moja ziba matundu ya injini kwa matambara safi. Yahesabu. Nati ikianguka ndani, injini itavunjika.

8. Ondoa gasketi ya zamani. Angalia hapa, ndugu msomaji. Gasketi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asibestosi. Vumbi lake huharibu mapafu na huweza kuleta saratani. Ilowanishe kwa maji kwanza. Ikwangue kwa kijiti kigumu chenye ncha bapa. Usiipulize, usiisugue kwa msasa ikiwa kavu. Mabaki yatie kwenye kopo lenye kifuniko, uyafukie mbali na kisima.

9. Weka rula ya chuma juu ya uso wa manifoldi. Ukiona mwanga mwingi chini ya rula, manifoldi imepinda. Mpelekee fundi ainyooshe, la sivyo gasketi mpya itapasuka tena.

10. Linganisha gasketi mpya na ya zamani. Matundu yote yalingane. Hesabu matambara ukiyatoa. Weka gasketi ikiwa kavu, ila kama kitabu cha gari kinaagiza dawa ya kuzibia.

11. Rudisha manifoldi. Zungusha nati zote kwa vidole. Kisha kaza kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa mizunguko 3, kila mzunguko kidogo zaidi. Kila gari lina kipimo chake cha kukaza. Kama unaweza, azima spana ya kupimia nguvu. Ukikaza kupita kiasi utavunja bolti.

12. Rudisha vitu vyote kwa kufuata nyuzi zako. Jaza maji. Waya wa betri uwe wa mwisho. Tazama kama petroli inavuja kabla ya kuwasha.

Washa injini na upime tena kwa maji ya sabuni. Mngurumo usipobadilika, kazi imekamilika. Injini ikishapata moto na kupoa, kagua tena nati.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini gari la kikundi lilikula petroli nyingi?
2. Kwa nini hatupimi kwa petroli?
3. Gasketi ya zamani ilowanishwe kwa nini?
4. Gari la kijiji chenu likiharibika, nani hukagua kabla ya kumlaumu mtu?

Someni pamoja, na anayejua kusoma amsomee anayejifunza. Mwezi ujao tutarudi kwenye ghala la mahindi.

Ni mimi,
Bwana Shamba wenu