Mama Anayelea Peke Yake Katika Nchi Tajiri

Mara kwa mara husikika juu ya mimbari hoja isemayo kuwa akina mama maskini wa Magharibi wamejitakia wenyewe, kwa kuwa jamii yao imeiacha ndoa. Hoja hii ina chembe ya ukweli, na kwa ajili ya chembe hiyo msikilizaji hutosheka akaacha kuuliza zaidi.

Tuitazame Marekani. Kwa hesabu za Idara ya Sensa ya nchi hiyo za mwaka 2019, familia za mume na mke zilizokuwa katika umaskini ni asilimia 4. Zilizoongozwa na mwanamke asiye na mume ni asilimia 22. Ama zilizoongozwa na mwanamume asiye na mke, ni kiasi cha asilimia 11 tu. Baba huyu naye hana mwenzi, lakini umaskini wake ni nusu ya ule wa mama. Basi kukosa mwenzi peke yake hakutoshi kuwa sababu.

Mwaka huo mwanamke aliyefanya kazi ya kutwa mwaka mzima alipata takriban senti 82 kwa kila dola ya mwanamume. Wengi wa akina mama hawa hulipwa kwa saa: hufagia, hupika, huuguza wazee. Mtoto akiugua, mama hubaki nyumbani, na ujira wa siku umekwenda. Sheria ya mwaka 1993 inatoa likizo ya wiki 12, lakini bila malipo, na waajiri wadogo hawahusiki nayo.

Je, baba yuko wapi? Mwaka 2017, chini ya nusu ya wazazi waliostahiki kupokea matunzo ya watoto waliyapata kwa ukamilifu. La kustaajabisha zaidi, mama anayepokea msaada wa fedha wa serikali hutakiwa kuikabidhi serikali haki yake ya matunzo hayo, na majimbo mengi hujilipa kwayo. Baba ametoa, na mtoto hakupata!

Mwaka 2021 serikali iliongeza ruzuku ya watoto hadi dola 3,600 kwa mtoto wa chini ya miaka 6. Umaskini wa watoto, kwa kipimo kinachohesabu misaada, ukashuka hadi asilimia 5.2. Nyongeza ilipokoma, mwaka 2022 ukapanda hadi 12.4. Katika mwaka huo mmoja maadili ya Wamarekani hayakugeuka. Kilichoondoka ni fedha.

Nchini Denmark, ambako nako wako akina mama wanaolea peke yao, mzazi hulipia si zaidi ya robo ya gharama za kumtunza mtoto mchanga mama akiwa kazini. Nchini Sweden, baba asipotoa, serikali humlipa mama kiwango maalumu, kisha humdai baba. Aliyesoma mlango wa nafaqa katika fiqhi hataona jambo hili kuwa geni: talaka haimwondolei baba wajibu wa kumlisha mwanawe, na kadhi ana mamlaka ya kumlazimisha.