Kumhubiri Yesu bila kumkashifu Mtume

MTAZAMO WA WIKI
Na Eunice Mhando

Msimu wa mikutano ya Injili ukifika, nguzo za umeme hujaa mabango. Siku hizi bango linalovuta watu zaidi ni lile lenye picha ya kijana aliyevaa kanzu na kofia, na chini yake maandishi makubwa: aliyekuwa ustaadhi, sasa ameokoka. Mkutano huanza jioni, spika zimeelekezwa mtaani, na adhana ya magharibi inapopigwa mhubiri hapunguzi sauti, anaongeza. Naandika nikiwa Mkristo. Naamini kwa moyo wote kwamba Yesu ni Bwana, na natamani kila mtu amjue, majirani zangu Waislamu wakiwemo. Kwa sababu hiyohiyo nasema mikutano ya namna hii inatufungia mlango tunaodai kuufungua.

Haikuanza hivi. Mmisionari Ludwig Krapf alipofika pwani yetu mwaka 1844, Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, alimpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake. Barua ilimtaja kuwa mtu mwema na kuagiza asaidiwe kila aendako. Mwaka huohuo, huko Mombasa, Krapf alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyeketi naye kumsaidia alikuwa kadhi wa mji, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Miongo michache baadaye, Unguja, Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, alipata msaada kama huo. Sheikh Abdulaziz, mmoja wa wanazuoni wa mji ule, alijitolea mwenyewe kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili safi. Kadhi alibaki kadhi na mmisionari alibaki mmisionari. Hakuna aliyeficha anachokiamini, na bado Kiswahili tunachosomea Biblia leo kimepita mikononi mwa Waislamu wale. Mhubiri anayepanda jukwaani kuwadhihaki mashehe anatumia lugha aliyofundishwa na mashehe.

Mambo yalibadilika taratibu. Mwaka 1923 Kanoni Godfrey Dale, naye wa UMCA, alichapisha tafsiri kamili ya kwanza ya Kurani kwa Kiswahili. Alikuwa msomi, na kazi ile ilihitaji bidii kubwa, lakini maelezo aliyoyaambatanisha yaliandikwa ili kumpa Mkristo hoja za kubishana na Mwislamu. Wanazuoni wa pwani hawakuipokea vizuri. Sheikh Abdullah Saleh Farsy, ambaye tafsiri yake kamili ilitoka mwaka 1969, alichukua nafasi kumsahihisha Dale waziwazi. Kisha ikaja miaka ya 1980. Mhadhiri wa Kiislamu Ahmed Deedat wa Afrika Kusini alikuwa ameshafika Tanzania na kuacha wanafunzi, na mihadhara ikashika kasi: meza uwanjani, Biblia juu ya meza, na pembeni msomaji aliyesimama tayari. Mhadhiri anataja sura na aya, msomaji anasoma, mhadhiri anamkatiza katikati ya sentensi, uwanja unalipuka kwa takbiri. Wakristo waliumia sana. Walichofanya baadaye ni kuweka meza yao, na msomaji wao, na Kurani juu yake.

Tunajua mihemko hiyo imetufikisha wapi. Februari 1998, Mwembechai, Dar es Salaam, watu waliuawa kwa risasi katika vurugu zilizoanzia kwenye malalamiko kwamba mahubiri ya msikitini yanamkashifu Yesu. Oktoba 2012, Mbagala, watoto wawili walibishana kuhusu Kurani, mmoja akaikojolea, na makanisa yakashambuliwa na kuchomwa moto. Watoto! Nani aliwafundisha kwamba kitabu cha mwenzako ni kitu cha kujaribia?

Katika hili nina msimamo ambao najua baadhi ya wachungaji wangu hawaupendi. Mkristo aisome Kurani ili amwelewe jirani yake, lakini asiihubiri. Hata ule mtindo wa upole, wa kumfungulia Mwislamu sura ya Maryam na kumwambia kuwa kitabu chake mwenyewe kinamtukuza Isa kwa hiyo aje kanisani, sioni kuwa ni wa haki. Sisi hatukiamini kitabu hicho kuwa neno la Mungu. Kukitumia kama shahidi wetu pale kinapotufaa na kukiweka kando pale kinapotupinga ni kumchezea mtu. Tunaujua vizuri uchungu wa jambo hili, kwa maana ndivyo tunavyojisikia tunapoambiwa kwamba Msaidizi aliyeahidiwa katika Injili ya Yohana ni Muhammad. Tuna Injili nne. Tuna maisha tuliyoishi na Kristo. Tuseme hayo.

Na mara nyingi nafasi ya kuyasema huja yenyewe. Kwenye msiba mmoja hapa mtaani kwetu Tanga, akina mama tulikuwa mkekani tukipembua mchele wa hitima. Bibi mmoja wa Kiislamu aliyekaa karibu yangu aliniuliza kwa sauti ya chini, “Mwanangu, hivi nyie mkimwita Mwenyezi Mungu Baba, mwaona ana mke?” Hakukuwa na kejeli ndani yake, alitaka kujua.

“Hapana, bibi,” nikamwambia. “Hana mke, wala hazai kama tunavyozaa sisi. Twamwita Baba kwa sababu Yesu alitufundisha tumwendee tukijua hatutafukuzwa.”

Akapepeta ungo wake kimya. “Sisi twamwogopa na twampenda,” akasema baadaye. “Lakini hilo la kutofukuzwa nimelisikia.” Kisha akavuta mchele uliobaki upande wangu, tukaendelea na kazi. Sikumfuata na kipeperushi. Alichokitaka alikipata, na akitaka zaidi anajua nyumba yangu ilipo.

Petro aliandika kwamba tuwe tayari kumjibu kila atuulizaye sababu ya tumaini letu, na tufanye hivyo kwa upole na heshima. Wahubiri wengi tunaishika nusu ya kwanza tu. Waislamu nao wana agizo lao, katika sura ya Ankabut, la kutojadiliana na watu wa Kitabu ila kwa njia iliyo bora. Bibi yule alilitimiza vizuri kuliko wahubiri wetu wengi wanavyolitimiza la kwao.

Kuna jambo jingine baya zaidi ya matusi, nalo ni chambo. Unga, ada ya shule, matibabu, ajira, vinapotolewa huku vikimsubiri mtu abadili dini, hiyo si huruma tena. Mwaka 2011 Vatikani, Baraza la Makanisa Ulimwenguni na umoja wa makanisa ya kiinjili duniani walitoa kwa pamoja mwongozo wa ushuhuda wa Kikristo kati ya watu wa dini nyingine, wakikataa wazi hila, shinikizo na kumrubuni maskini kwa misaada. Nadra kuusikia ukitajwa kwenye semina za uinjilisti, na ningependa kila kamati ya mkutano iusome kabla ya kukodi jukwaa. Katiba yetu, ibara ya 19, inampa mtu uhuru wa kubadili dini, na inasema kueneza dini ni huru na ni jambo la hiari ya mtu binafsi. Hiari hiyo ni ya jirani yangu pia. Akinilingania niingie Uislamu, nina wajibu wa kumsikiliza kwa utulivu uleule ninaoutaka kwake.

Narudi kwa yule kijana wa kwenye bango. Wapo Waislamu wanaoamua kumfuata Yesu, kama walivyopo Wakristo wanaosilimu, na nafurahi kwa kila mmoja anayekuja kwetu. Lakini kumvalisha kanzu aliyokwisha kuivua, kumpa kipaza sauti, na kumtaka asimulie uovu wa msikiti alikolelewa, ni kumkata na mama yake mzazi hadharani. Mama huyo yupo, anaishi mitaa miwili kutoka uwanjani, na anasikia kila neno. Mchungaji anayempenda kijana huyu angempeleka nyumbani kwanza, akaketi naye barazani wakati anamweleza mama yake uamuzi wake, akapokea lawama zote zitakazotoka. Ushuhuda ungesubiri. Ikichukua miaka kabla mama hajakubali kumsikiliza mwanawe, basi kanisa litumie miaka hiyo kumfundisha kijana asikose kwenda kumwona kila Idi.