Mwanakiswahili na Tarakilishi Yake: Hoja ya Kuhamia Linux

Katika semina zetu tumebishana kwa miaka mingi iwapo chombo hiki kiitwe tarakilishi, kompyuta au ngamizi. Ni mjadala mzuri, nami nimeushiriki kwa hamasa. Hata hivyo, semina ikiisha kila mmoja wetu hurudi chumbani, akakiwasha chombo hicho tulichokibandika majina matatu, kikamkaribisha kwa Kiingereza, naye akaanza kuandika tasnifu ya Kiswahili huku kila neno likipigiwa mstari mwekundu. Makala haya yanahusu chombo chenyewe, jina tuliache kando kwa leo. Nashikilia kwamba mwanafunzi wa Kiswahili ana sababu nzito kuliko mwenzake wa taaluma nyingine yoyote ya kuuacha mfumo wa Windows na kuhamia Linux, na kwamba sababu hiyo ni ya kilugha kabla haijawa ya kifedha.

Nianze na fedha lakini, maana ndizo zilizotufikisha hapa. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10, mfumo uliotoka mwaka 2015. Tarakilishi yenye mfumo huo haizimiki, ila nyufa zake za kiusalama hazizibwi tena, isipokuwa kwa waliojiandikishia nyongeza ya mwaka mmoja. Windows 11 nayo ina masharti yake: hudai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na kichakataji cha miaka ya karibuni, kwa Intel aghalabu kuanzia kizazi cha nane. Wengi wetu tunaopanga vyumba hapa Kisian, penye njia panda ya Bondo katika barabara ya Kisumu kwenda Busia, tunatumia vipakatalishi vya mtumba ambavyo vilikwisha kuzeekea katika ofisi za watu kabla ya kutufikia. Havitimizi masharti hayo. Na hata vingetimiza, leseni ya matumizi ya nyumbani huuzwa na Microsoft kwa dola 139 huko Marekani, kiasi kinachozidi kodi yangu ya miezi mitatu.

Basi hufanyika lile tunalolijua sote. Yupo kijana mwenye flashi, na kwa shilingi mia chache humtilia mtu nakala isiyo na leseni. Hapa ndipo ninapoona haya kwa niaba yetu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaiorodhesha programu ya tarakilishi miongoni mwa kazi za kifasihi, kundi moja na riwaya na tamthilia. Sisi tunaolalamika kwamba waandishi wetu hawali jasho lao kwa sababu vitabu vyao hutolewa fotokopi vibandani, malalamiko hayo tunayachapa kwa programu zilizoibwa. Isitoshe, nakala hizo huja na wageni wasioalikwa. Namjua mwanafunzi aliyepoteza sura mbili za tasnifu kwa virusi, naye hakuwa na nakala nyingine.

Linux ni nini? Ni mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiamsha tarakilishi na kuziongoza programu nyingine zote. Uliasisiwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, ukaungana na kazi ya GNU ambayo Richard Stallman aliitangaza mwaka 1983. Leseni yake inamruhusu yeyote kuutumia, kuusoma msimbo wake, kuubadilisha na kumgawia mwenzake. Umezaa matoleo mengi. Mojawapo, lililoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, linaitwa Ubuntu, jina lisilohitaji ufafanuzi kwa aliyepita katika darasa la isimu ya Kibantu: shina lake ndilo hilo la utu wetu.

Ruhusa ya kubadilisha ndiyo kiini cha hoja yangu, na historia yake ina sura ya Kiswahili ambayo nashangaa kutoikuta katika kozi zetu za istilahi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na kampuni ya Uswidi iitwayo IT+46, kilitoa Jambo OpenOffice kupitia mradi wa Kilinux. Ilikuwa programu ya ofisi, ya kuandikia na kupangia hesabu, ambayo menyu na maelekezo yake yalikuwa kwa Kiswahili. Waliofanya kazi hiyo hawakumpigia mtu magoti. Msimbo ulikuwa wazi, wakaufungua, wakakaa na maneno. Hebu fikiria walivyolazimika kuamua, kirai kwa kirai, mambo ambayo sisi huyaahirisha hadi kongamano lijalo! Istilahi iliyo kwenye kitufe haiwezi kuandikwa pamoja na mbadala wake wawili na tanbihi.

Haki itendeke: mwaka huohuo wa 2004 Microsoft ilitangaza mpango wa kuzitafsiri bidhaa zake kwa Kiswahili, na vifurushi vya lugha vikatoka baadaye. Sidai kwamba vilikuwa vibaya. Nadai kwamba ukikuta humo neno lisilofaa huna la kufanya ila kulizoea, kwa kuwa neno hilo lina mwenyewe. Kwa upande wa pili, LibreOffice, programu iliyochipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010, bado inabeba tafsiri ya Kiswahili pamoja na kikagua tahajia cha Kiswahili, na mtu yeyote anaweza kujisajili akapendekeza tafsiri bora. Tafsiri hiyo haijakamilika. Mkenya atakuta pia kwamba imetambulishwa kuwa Kiswahili cha Tanzania. Kikagua tahajia hukwama penye vitenzi vilivyorundikiwa viambishi, jambo lisilomshangaza aliyesoma mofolojia. Lakini kazi hiyo iliyobaki ni kazi ya nani, iwapo si yetu?

Mimi nilihamia Linux Mint, toleo jepesi la Xfce, kwenye kipakatalishi chenye kumbukumbu ya gigabaiti 4. Nilipakua faili la takriban gigabaiti 3, nikalitia kwenye flashi, nikaujaribu mfumo kutoka humo bila kugusa kilichokuwa ndani. Uliponiridhisha ndipo nikausimika. Kazi yenyewe ilikuwa ya jioni moja. Kilichonichukua siku nyingi ni kuyazoea mazingira mapya, hasa kujua kitu gani kiko wapi.

Pingamizi ninalolisikia mara nyingi ni la wasimamizi. Mhadhiri hutumia Word, huweka maoni yake pambizoni; je, yataonekana? Yanaonekana, na majibu yangu humfikia. Kinachoyumba ni majedwali na upangaji wa kurasa, kwa hivyo humpelekea nakala mbili, moja ya kuandikia maoni na moja ya PDF ya kuonyesha sura halisi ya ukurasa. Dukani pa kuchapisha napeleka PDF pekee. Wenzetu wa fonetiki wanaotumia Praat wasiwe na hofu, kwani nayo ipo kwa Linux. Kwa michezo sina la kusema.

Lipo jambo jingine linalotuhusu sisi wa ukanda huu wa ziwa. Mwambao, mwanafunzi huacha Kiswahili darasani akakikuta tena sokoni na nyumbani. Hapa Kisian sokoni ni Dholuo, ofisini ni Kiingereza, na Kiswahili chetu cha kitaaluma hukosa pa kulala. Nilipoigeuza LibreOffice yangu iwe ya Kiswahili nilitambua kwamba nilikuwa sijawahi kuitumia lugha hii kufanyia jambo la kawaida kama kuhifadhi faili au kutengua kosa. Siku za kwanza nilisitasita, nikilazimika kuyatafsiri maneno kwa Kiingereza ili nijue nibonyeze wapi, mimi mwanafunzi wa uzamili wa Kiswahili.

Napendekeza kwa hivyo kwamba chama chetu kitenge Jumamosi moja kila muhula wanachama waje na vipakatalishi vyao wasaidiwe kuhama. Napendekeza pia kwa wahadhiri wa istilahi na tafsiri kwamba zoezi la kozi, badala ya orodha ya maneno inayosahihishwa na kutupwa, liwe kutafsiri sehemu ya LibreOffice iliyobaki kwa Kiingereza na kuiwasilisha kunakohusika. Wenzetu wa Tanzania watatusahihisha, nasi tutawasahihisha, na suala la tarakilishi na kompyuta litalazimika kupata jibu kwenye menyu. Anayetaka kuanza kabla ya hapo aje na flashi ya gigabaiti 8, tasnifu yake ikiwa imehifadhiwa mahali pengine.