Kadhi Si Kazi

Wapo wasemao kwamba kuchanganya dh na z, th na s, l na r ni jambo la lafudhi tu, na kwamba anayesahihisha ana kiburi cha pwani. Hoja hiyo ina sura ya ukarimu, lakini ndani yake mna uzembe. Tena uzembe huo ni wa hatari zaidi Dodoma, mji ulioamuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, ambako Bunge hutunga sheria.

Mwaka 2014, Bunge Maalumu la Katiba lilipokaa mjini humo, suala la Mahakama ya Kadhi lilizua mabishano makali. Kadhi huamua mambo ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu. Zanzibar mahakama yake ipo kwa sheria. Mahakama ya Kazi, iliyo divisheni ya Mahakama Kuu, huamua migogoro ya waajiri na waajiriwa. Ondoa dh, weka z, na mjane adaiye mirathi ameketishwa benchi moja na kibarua aliyeachishwa.

Jozi hiyo haiko peke yake. Dhana ni wazo, zana ni chombo. Thamani ya nyumba si samani za nyumba: anayefidiwa ya kwanza hulipwa jengo, anayefidiwa ya pili hulipwa viti na makabati. Mahari hutolewa, mahali huendewa. Na tangu Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, herufi moja yaweza kubeba haki ya mtu.

Kosa, hata hivyo, si la kinywa. Lugha nyingi za bara hazina dh wala th, na nyingi hazitenganishi l na r. Mtoto wa Kigogo hana lawama kwa matamshi aliyonyonya kwa mamaye. Lawama ni ya kalamu: ya karani, ya mchora mabango, ya mwalimu arejeshaye daftari bila wino mwekundu. Na amwambiaye mtoto huyo kwamba ni lafudhi tu hamtetei. Amekwisha kumhukumu kuwa hawezi.

Anaweza. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa Ugogo mwaka 1917, alikuwa miongoni mwa malenga wakubwa wa Kiswahili, baba wa ngonjera na nguzo ya UKUTA, na tena alikuwa hakimu. Ushairi hauna huruma katika jambo hili: kina cha -ra hakipokei -la, hata mtunzi atoke wapi. Sikio lililofunzwa na vina halitachanganya kura na kula.

Wala visiwani pasiwe na kicheko. Kiswahili sanifu, kilichosimamiwa na kamati iliyoundwa mwaka 1930, kilijengwa juu ya Kiunguja. Hiyo ni amana, si nishani. Na pwani yenyewe ya Mrima hudondosha h, hata "hama" ikawa "ama". Nyani haoni kundule.

Basi dawa si dhihaka wala si kufumba macho. Shule za nyanda za kati zirejeshewe mashairi ya mwana wao, yasomwe kwa sauti, vina vihesabiwe. Asiyejali herufi katika shairi huharibu shairi. Asiyeijali katika sheria humharibia mtu maisha.