KOCHA, NA ULIMI NAO UUFANYIE MAZOEZI

Huku Mji Kasoro Bahari tuko poa, milima ya Uluguru imejifunika ukungu wake kama kawaida. Wiki hii naomba nimtolee uvivu mtu ambaye kila mtaa anaye: kocha wa watoto.

Juzijuzi nilikwenda kumwangalia mdogo wangu mazoezini. Ana miaka 13, anacheza beki ya kushoto, na njumu alinunua mwenyewe kwa hela ya kuuza mchicha. Akakosea pasi moja. Moja tu! Kocha akasimamisha mpira, akaita timu nzima na kuanza kumpa vidonge vyake: "We mzigo! Mpira umekushinda, rudi kwenye mchicha wa mama yako." Watoto wakaangua kicheko. Na mimi, nisiwafiche, nilicheka.

Toka siku hiyo njumu zinaning'inia nyuma ya mlango. Nikimuuliza anasema mguu unamuuma. Mguu gani? Kinachouma tunakijua.

Kuna watakaosema ukali ndio unaotengeneza wachezaji. Sawa, mkoa huu ndio uliotoa Mtibwa Sugar, mabingwa wa ligi kuu mwaka 1999 na 2000, na kila dogo hapa ana ndoto ya kufika mbali. Lakini atafika vipi kama ameacha mpira akiwa na miaka 13?

Hebu sikia hii. Kule Seattle, Marekani, wataalamu wawili wa saikolojia, Ronald Smith na Frank Smoll, walikaa na makocha wa besiboli ya watoto kwa muda wa kama saa mbili na nusu hivi. Hawakuwafundisha kurusha mpira, waliwafundisha kuongea na watoto. Matokeo yakatoka mwaka 1992: msimu uliofuata, watoto wa makocha waliofundwa walioacha mchezo walikuwa asilimia 5 tu. Kwa makocha wengine waliacha asilimia 26! Na tofauti hiyo haikuletwa na ushindi, maana timu zao hazikupishana kwa kushinda na kufungwa.

Somo lenyewe wala si gumu. Mtoto akikosea, mrekebishe kama slesi mbili za mkate na siagi katikati. Kwanza sema alichofanya vizuri: "Umewahi mpira, safi." Halafu rekebisha: "Ila inua kichwa kabla ya kupiga pasi." Malizia kwa kumtia moyo: "Twende tena, utaweza." Basi, imeisha hiyo.

Kama ni la kugomba, mvute pembeni. Sisi Waluguru ukoo unapita kwa mama na mjomba ana kauli nzito, lakini mjomba wangu mimi akitaka kunisema huniita nyuma ya nyumba, si mbele ya wageni. Na wewe kocha wa netiboli, utani kuhusu mwili wa binti uache kabisa. Unaweza kuona unachangamsha mazoezi, kumbe mwenzio anaona aibu hata kuvaa sketi ya michezo.

Siwaonei makocha. Najua wengi hawalipwi hata senti, maji wananunua wenyewe, na mzazi anajitokeza siku ya kulalamika tu. Wachache wanaobahatika hufika Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kule Kwimba, au kozi za leseni. Wengi tunawaokota mtaani kwa sababu waliwahi kucheza, halafu tunawakabidhi watoto 30. Nani aliwafundisha kuongea na mtoto? Kwa hiyo vyama vya michezo vya wilaya, hata kama hela ya mipira hakuna, Jumamosi moja ya kuwakalisha makocha chini ya mwembe haina gharama. Na sisi wazazi na ndugu tuje tusikilize, tupunguze vicheko.

Mimi nimeshamwomba dogo msamaha kwa kile kicheko. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwani kocha ameniulizia?" Nikakosa jibu.

Kocha, kama gazeti hili limekufikia, pita nyumbani. Huna haja ya hotuba, mwite tu kwa jina lake. Njumu bado zinamtosha, ila usichelewe, miguu ya mtoto haingoji.

Haya, tukutane wiki ijayo. Kwaherini!