Waliiponda, sasa wanaipigia saluti!

ROHO inanisuta. Ngoja nikupe kisa.

Jumamosi iliyopita tulikuwa kwa mshikaji wangu, Makanyagio, hapa hapa Mpanda. Akachomeka flashi, ikatokea sinema ya zamani, haina rangi hata kidogo! Nikadakia: "Ya enzi za babu hiyo, tuwekee ya ngumi bwana!" Jamaa akaomba dakika 10 tu. Zilipoisha, hakuna aliyekumbuka karanga.

Inaitwa The Night of the Hunter, ya Marekani, mwaka 1955. Ni ya kundi la sinema za giza na vivuli ambazo Wafaransa waliziita noir, yaani nyeusi. Robert Mitchum anacheza mhubiri feki, Harry Powell. Vidole vya mkono wa kulia kachora LOVE, upendo; vya kushoto HATE, chuki. Kazi yake kuoa wajane, kuwaua na kubeba fedha zao. Safari hii anamtaka Willa, ambaye marehemu mumewe aliiba dola 10,000 na kuzificha ndani ya mdoli wa bintiye. Watu wazima wanazugwa na nyimbo za dini. Anayemshtukia mapema ni mtoto wa kiume, John.

John na mdogo wake Pearl wanatoroka usiku kwa mtumbwi, jamaa anawafuata taratibu juu ya farasi, anaimba! Dada mmoja alijifunika kanga usoni. Mimi niliyewahi kulala Karema, nikaona Ziwa Tanganyika lilivyo kimya usiku, mtumbwi ule ulinigusa ile mbaya.

Sasa sikia kituko. Ilipotoka, sinema hii ilichemsha! Watazamaji hawakujaa, na wahakiki wengi walishindwa kuielewa: inatisha, inachekesha, na imekaa kama hadithi ya watoto. Charles Laughton, mwigizaji mkubwa mzaliwa wa Uingereza, ndiyo kwanza alikuwa anaongoza sinema. Alivunjika moyo, hakuongoza nyingine mpaka anafariki mwaka 1962.

Baadaye upepo ukageuka. Mwaka 1989 Spike Lee alimvalisha Radio Raheem pete za LOVE na HATE katika Do the Right Thing. Mwaka 1992 Marekani ikaiingiza kwenye orodha ya filamu za kuhifadhiwa za taifa. Mwaka 2008 jarida la Ufaransa, Cahiers du cinéma, likaipa namba mbili kati ya sinema bora za wakati wote. Mwenyewe yuko kaburini zaidi ya miaka 40!

Hapo ndipo roho iliponisuta. Mwaka jana kijana mmoja wa hapa mjini alituonyesha sinema yake fupi, kaipiga kwa simu. Nikaiponda mbele za watu, nikachekesha ukumbi mzima. Tangu siku ile sikusikia tena habari za sinema zake.

Jumapili nikamfuata kwao Nsemulwa, nikamwomba radhi. Akacheka, akasema yaliisha zamani, kaka. Nikamuuliza, ya pili lini?

"Ile simu niliiuza," akanijibu.

Wewe msomaji, kabla hujamcheka mtu, mpe basi hizo dakika 10. Tukutane wiki ijayo!