Mgeni njoo, mwenyeji apone: kwa nini namuogopa Anna wa "V"

Wiki jana pale duka la muvi karibu na steji kulizuka mjadala, na mnajua Awendo, mjadala ukizuka hata mtu wa boda anaacha kuita abiria. Swali lilikuwa rahisi: kati ya watawala wa kutoka anga za mbali tuliowaona kwa skrini, nani mbaya kuliko wote? Jamaa mmoja akasema Frieza wa Dragon Ball, kwa sababu yule analipua sayari nzima huku anacheka. Mwingine akasema Vilgax wa Ben 10, lakini huyo nadhani alikuwa ameshikwa tu na utoto. Mimi nikasema Anna.

Kimya. Halafu kicheko.

"Anna gani? Yule msupa wa V mwenye nywele fupi? Manze, huyo si hata hapigani!"

Ndiyo, hapigani. Hapo ndipo shida yote iko, na ndiyo maana naandika hii.

Kwa wale hamjaiona: V ilianza kuonyeshwa kwa ABC kule Marekani Novemba 2009, ikakatwa 2011 baada ya misimu 2 na vipindi 22. Wakati huo mimi nilikuwa bado nachezea matope, kwa hivyo nimeijulia kwa flashi kama wengi wenu. Asubuhi moja meli 29 kubwa zinatokea juu ya miji mikubwa 29 ya dunia. Awendo haikuwa kwa hiyo listi, msishtuke. Watu wanakimbia, wanapiga magoti, wanaomba. Halafu chini ya meli inatokea sura ya mwanamke mrembo, anatabasamu, anaongea taratibu. Anasema wamekuja kwa amani. Wanahitaji maji kidogo na madini fulani, na wao watatupa ujuzi wao. Huyo ndiye Anna, Kamanda Mkuu, malkia kwa watu wake, ameigizwa na Morena Baccarin. Na jina ambalo watu wake wanajulikana nalo ni Wageni.

Sasa sisi tumesoma shule za hapa. Insha ngapi uliwahi kuanza na "mgeni njoo, mwenyeji apone"? Anna anaichukua hiyo methali kama ilivyo, neno kwa neno. Anafungua vituo vya matibabu. Mtu anaingia akiwa hoi, anatoka mzima. Foleni zinakuwa ndefu kuliko za kupiga kura.

Watu wengi wanasema Anna ni mbaya kwa sababu ni mwongo: chini ya ile ngozi laini kuna magamba, ni mjusi, na anataka kutumaliza. Sawa, ni kweli, lakini mimi hilo halinitishi sana. Kinachonitisha ni pale anaposema kweli. Matibabu yake yanafanya kazi! Yule mgonjwa amepona, mamake analia kwa furaha, na machozi hayo si ya kuigiza. Utaenda kumwambia nini huyo mama?

Kuna mtangazaji mle ndani anaitwa Chad Decker. Mtanashati, anaongea vizuri, ana njaa ya jina. Anna anamchagua yeye, kati ya waandishi wote, amhoji. Dakika chache kabla kamera ziwake, anamwambia kwa ile sauti yake ya asali asiulize kitu chochote kitakachowaonyesha Wageni vibaya. Chad anashtuka, anajaribu kuleta mambo ya uandishi. Anna anamfahamisha kwamba basi mahojiano hakuna, na Chad anajua mahojiano hayo yatampandisha wapi. Kamera zinawaka. Chad anakuwa mpole.

Mara ya kwanza kuona hiyo sehemu nilimtukana Chad mpaka jirani akagonga ukuta. Mwaka huu nikaiona tena. Sikumtukana mtu. Nilifunga laptopu nikatoka nje nikakaa kwa ngazi.

Kwa sababu mimi nilipigiwa simu. Kuna mheshimiwa mtarajiwa, simtaji, na hata nikimtaja hamtanichangia pesa za wakili. Alikuwa na kambi ya matibabu ya bure, uwanjani, siku moja. Msaidizi wake akanipata. "Kijana wangu, tunaona kazi yako, vijana wanakuskia. Njoo utushikie kamera, na umhoji mheshimiwa dakika tano." Sh5,000, mafuta ya boda juu yao, chakula. Nikasema sawa kabla hajamaliza sentensi. Mnajua mara ya mwisho mtu kunilipa kwa hii kazi ilikuwa lini? Harusi ya Desemba, na nusu ya pesa bado nadai.

Nilikuwa na swali moja. Nililiandika kwa simu usiku: "Mheshimiwa, kambi ikifungwa jioni, mtu akiumwa Jumatatu aende wapi?" Si tusi. Ni swali la kawaida, kwa sababu afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013, na mtu anayetaka uongozi huku lazima awe na jibu. Na nilikuwa nalo moyoni, maana dani yangu alishawahi kwenda zahanati fulani mara tatu, na mara zote tatu akaandikiwa dawa kwa karatasi, akaambiwa akanunue nje.

Tukiwa pale chini ya hema, msaidizi akaniweka mkono begani. "Maswali yawe ya kujenga, eh? Leo ni siku ya watu kufurahi." Alitabasamu. Hakunitisha. Hata hakusema nitanyimwa pesa. Lakini nilielewa, na yeye aliona nimeelewa.

Nikauliza mheshimiwa ni nini kilimsukuma kuwapenda watu wake kiasi hiki.

Eeh. Mimi. Hiyo klipu iko, wengine wenu mliipenda, mkaandika "moto" na "kazi safi". Ndiyo video yangu iliyotazamwa zaidi mpaka leo.

Na kuna kitu kingine ambacho ningependa kukificha lakini nikikificha nitakuwa nimedanganya mara mbili. Dani alikuwa kwenye foleni siku hiyo. Alipimwa macho, akapewa miwani. Miaka minne alikuwa anatambua watu kwa sauti. Tulipofika nyumbani akanishika kidevu, akaniangalia muda mrefu, akasema, "Nyakwara, kumbe umekuwa na ndevu." Sasa anasoma Biblia yake mwenyewe, anachagua mawe kwa mchele mwenyewe, na kila jioni anamwombea mheshimiwa kwa jina lake kamili.

Kwa hivyo mnaposema "bora anayeleta kuliko anayeongea", siwezi kuwacheka. Miwani inafanya kazi. Kama siku ile ningeleta kiherehere na kambi ifungwe, dani angekuwa bado anapapasa ukuta.

Lakini angalieni venye Anna anafanya kazi. Baadaye Wageni wanampima Chad, wanamwambia mshipa kichwani mwake utakuja kupasuka, na wao wana uwezo wa kumtibu. Jiulize, mtu amekuambia hivyo, kesho utamuuliza swali gani gumu? Hahitaji tena kukuonya. Unajifunga mdomo mwenyewe, na unaita hiyo shukrani. Frieza angehitaji jeshi kufanya hivyo. Anna alihitaji kipimo kimoja na tabasamu.

Na kwa watu wake mwenyewe ni hivyo hivyo. Anna anaona hisia za binadamu kama ugonjwa. Wageni wakianza kuhisi vibaya, anawapa kitu kinachoitwa Bliss, raha fulani inayowaingia wote kwa pamoja, wanatulia, wanasahau walikuwa wanalalamika nini. Mamake mwenyewe, Diana, aliguswa na hisia, akamfungia chini ya meli miaka mingi. Mwisho wa msimu wa kwanza mayai yake ya askari yanalipuliwa, na kwa mara ya kwanza yeye mwenyewe anaumwa moyo kama mzazi, anapiga ukelele, na anga inageuka nyekundu. Kwangu hicho ndicho kipindi bora zaidi. Msimu wa pili, tuseme ukweli, uliwashinda. Anna anaanza kutafuta roho ya binadamu kama mtu anayetafuta funguo chini ya kochi, na mimi nikaanza kuchati huku naangalia.

Kuna jambo moja tamthilia hii inatudanganya, na ni kuhusu yale magamba. Ile V ya kwanza kabisa, ya 1983, iliandikwa na Kenneth Johnson. Wazo lake la mwanzo halikuwa na viumbe wa anga hata mmoja. Ilikuwa hadithi ya udikteta kuingia Marekani polepole, kupitia Wamarekani wenyewe, na alitoa wazo kwa riwaya ya Sinclair Lewis ya 1935, It Can't Happen Here. Wakubwa wa televisheni wakataka viumbe wa anga. Basi magamba yakaongezwa, na Diana wa wakati huo, Jane Badler, ambaye ndiye huyo huyo aliyerudi kuigiza mamake Anna, akapewa kumeza mnyama mzima mbele ya kamera. Kila mtu akashtuka, kila mtu akajua adui ni nani.

Magamba yanarahisisha mambo. Ukichana ngozi ukaona mjusi, kazi imeisha, chukua bunduki ujiunge na wapinzani. Mimi pale uwanjani sikuona mjusi. Niliona mtu mzima anayetoa jasho, shati limeshika mgongo, ambaye alimshika dani mkono akamsaidia kuketi. Labda ni mtu mzuri. Kweli kabisa, labda ni mzuri. Swali langu halikuhitaji awe mbaya. Mtu mzuri pia anaweza kuulizwa Jumatatu twende wapi, na angekuwa na jibu pengine tungelisikia wote. Sasa hatutajua, kwa sababu mimi niliuliza habari za mapenzi.

Kuna mwenzangu, naye anashika kamera, aliniambia nimeanza kujifanya mtakatifu, kwamba kama si mimi angeitwa mwingine. Ni kweli, angeitwa mwingine. Chad naye angesema hivyo. Lakini tofauti ya Chad ni kwamba baadaye alipoonyeshwa watu wanafanyiwa nini ndani ya ile meli, alibadilika, akaanza kuwasaidia wapinzani kutoka ndani huku bado anatabasamu na Anna kwa kamera. Sijui kama ningeweza hiyo ya kutabasamu pande mbili. Uso wangu unaonyesha kila kitu, mwulizeni dani.

Na ile methali ina ndugu yake, mnaikumbuka. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Misimu yote 2 hakuna aliyempa Anna jembe.

Wiki hii msaidizi alinipigia tena. Kuna kambi nyingine Jumamosi, safari hii Sh8,000. Nikamwambia nitamtumia maswali kwanza ili wajiandae, na nikatuma lile moja tu, la Jumatatu. Hiyo ilikuwa juzi usiku. Tiki mbili za bluu, hakuna jibu.

Dani hajui. Skrubu ya miwani yake imelegea upande wa kushoto, ameifunga na uzi, na ananiuliza kila asubuhi kama Jumamosi nitampeleka ikarekebishwe.